Kuzuia Majani Mabaya mu Bustani ya Nyumbani bila Kujitia Sumu



Mvua za kwanza zikianguka hapa Lubumbashi, mu mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, kila parseli inageuka shamba. Watu wanapanda mahindi mpaka pembeni ya barabara, na mama anatupa mbegu za lengalenga nyuma ya jikoni. Siku kumi hazijapita, unatoka asubuhi na mswaki mkononi, unakuta udongo wote umekuwa kijani. Unafurahi. Kisha unainama kuangalia vizuri: lengalenga ni chache, mengine yote ni majani ambayo hakuna mtu aliyeyapanda.

Vitabu vinaita majani hayo magugu. Sisi tunasema tu majani mabaya. Juzi mwanafunzi mmoja aliniuliza mu bustani ya masomo, jembe mkononi na jasho usoni: «Mwalimu, shiye tunangola leo, kesho inarudia. Aina dawa ya kumwangia, iishe yote?» Dawa iko. Njo sababu ninaandika somo hili, maana dawa hiyo nilikwisha kuileta nyumbani kwangu siku moja, na sitarudilia.

Lakini tuanze mbele kidogo: majani hayo yanatoka wapi? Mtoto wa mji anafikiri yanakuja na mvua. Hapana. Mbegu zilikuwa mule mule mu udongo, zimelala. Wakati wote wa jua, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, zinangojea. Nyingine zinaweza kungojea miaka mingi chini bila kuoza. Ukipiga jembe na kugeuza udongo, unaleta juu zile zilizokuwa chini. Zinaona mwanga, zinapata maji, zinaamka. Kumbe kila mara tunapolima, ni sisi wenyewe tunaoziita. Chukueni lile jani lenye mbegu nyeusi kama sindano, linaloshikana ku soksi na ku sketi. Wataalamu wanaliita Bidens pilosa. Mmea mmoja tu unaweza kuzaa mbegu zaidi ya 3.000. Hesabuni wenyewe: mukiacha mimea kumi ikomae mu kona ya parseli, mwaka kesho mutapigana na nini? Kwa hiyo mtu anayengoa majani kisha maua kukauka amechelewa. Amefanya kazi ya kupanda.

Kuna majani ya namna ya pili, ambayo hayajali mbegu sana. Ni yale yanayotembea chini ya udongo. Lile majani yenye mizizi mirefu meupe, ambalo mu kitabu cha Kifaransa wanaita chiendent, ukilikata na jembe vipande kumi, umepanda chiendent kumi. Ndago nayo iko na vichwa vidogo kama njugu chini kabisa. Unangoa jani, kichwa kinabaki, juma linalofuata kimetoa jani lingine. Hayo musiyapige jembe ovyo mu wakati wa mvua. Ngojeni mwezi wa saba ao wa nane. Fungueni udongo na uma ya bustani, vuteni mizizi kwa mkono, muiache juu ya udongo mukavu, jua na upepo viimalize. Kwa chiendent kazi hiyo inafaa sana. Kwa ndago, nawaambia kweli, ni kazi ya miaka. Inatoboa hata plastiki nyeusi ambayo watu wananunua bei kali.

Na wale wenye mahindi, waangalie lile jani dogo lenye maua mekundu ya kupendeza, Striga. Watoto wanalichuma wakidhani ni ua la kupamba. Mizizi yake inashika mizizi ya mahindi na kunyonya chakula chake chini kwa chini, hata kabla ya jani lenyewe kuonekana juu. Lingolewe mbele ya kutoa maua, lichomwe.

Sasa njia ambayo mimi naipenda kupita zote, na ambayo haiombi hata franka moja. Tayarisheni tuta kama vile munataka kupanda leo, lakini musipande. Mwagilieni maji. Ngojeni siku kumi ao kumi na ine. Mbegu za majani mabaya zitadanganyika, zitaota zote pamoja. Siku ya jua kali, mupitishe jembe juu juu tu, sentimita mbili ao tatu, si zaidi, kwa sababu mukienda chini mutaamsha zingine. Kisha njo mupande mboga yenu. Ndugu mmoja jirani yangu aliniona nikimwagilia tuta tupu akacheka sana: «Unalimaka mayi?» Mwezi uliofuata alikuja kuangalia vitunguu vyangu, hakucheka tena. Vitunguu vinahitaji njia hii kuliko mboga zote, maana majani yao ni membamba, hayafuniki udongo hata kidogo. Lengalenga ni tofauti: ukiipanda karibu karibu, ikifika urefu wa mkono inajifunikia udongo yenyewe. Matembele vilevile. Wazee wetu walipotia maboga katikati ya mahindi hawakuwa wanacheza.

Wakati wa jua kuna faida nyingine. Mvua haiko, basi maji yanakwenda pale unapoyamwaga wewe. Ukimwaga ku shina la tomati peke yake, na si mu njia yote, mbegu za njiani zitabaki zimelala. Watoto wengi wanamwaga maji kila mahali kwa sababu ni mchezo mzuri. Kisha wanalia juu ya kazi ya kupalilia.

Kufunika udongo ni somo refu kidogo. Majani makavu unene wa vidole vinne ao vitano, yanatandikwa katikati ya mistari. Mwanga haupiti, mbegu haziamki. Udongo unabaki na maji, na jembe linapumzika. Lakini majani gani? Nyasi za pori zinazozunguka mji zinakomaza mbegu mwisho wa mvua. Ukizikata wakati huo na kuzileta mu bustani, umeleta adui na gari. Zikatwe mapema mbele ya kukomaa, ao zingojee mpaka mbegu zimeanguka huko huko porini. Yale maua ya manjano makubwa yanayoota ku fensi nyingi za hapa, Tithonia, yakikatwa mbele ya kuchanua yanafaa sana: yanafunika, na yakioza yanalisha mboga. Unga wa mbao unaotoka ku maseremala unafunika vizuri njia ya kupita, lakini ukiuchanganya na udongo wa tuta utanyima mboga chakula wakati unapooza. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, kwa ajili ya mchwa. Wa hapa Katanga munawajua, sihitaji kueleza.

Mbolea ya ng'ombe na mbuzi, ikiwa mbichi, inajaa mbegu, kwa sababu mbegu nyingi zinapita tumboni bila kufa. Irundikwe kwanza na majani, inyunyiziwe maji, igeuzwe mara kadhaa. Lundo likishika moto vizuri, digri 55 mpaka 60 kwa siku kadhaa, mbegu nyingi zinakufa. Hatuna kipima joto. Tunachomeka fimbo ya chuma katikati, tukiivuta baada ya muda mkono usiweze kuishika, ni dalili nzuri.

Haya, sasa ile dawa.

Mwaka fulani nilichoka. Nilikwenda soko, muuzaji akanipa chupa ya limonadi yenye maji ya rangi, bila karatasi, bila jina. «Hii iko inachoma yote, papa. Unatia kopo moja mu bidoni ya mayi, basi.» Nikaiweka ku rafu ya jikoni, nikisema kesho asubuhi nitaitumia. Jioni mtoto wa dada yangu, miaka ine, alikuwa amekaa chini na chupa ile katikati ya miguu akijaribu kufungua kifuniko kwa meno. Bibi yake alimpokonya. Mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu: «Hii kintu ailale humu mu nyumba.» Usiku ule nilikaa nje na chupa nikitafuta mahali pa kuitupa, na sikupata. Mu choo? Kisima chetu kiko karibu. Mu mto? Watu wanamwagilia mboga na maji ya mto ule. Mwisho rafiki mmoja agronome alikubali kuifungia mu depo ya kazi yao. Hata kesho sijui ndani mulikuwa nini.

Nawaeleza kwa nini niliogopa. Kati ya dawa za kuchoma majani kuna moja inaitwa parakwati. Funda moja linatosha kuua mtu mzima, na hakuna dawa ya kuitibu. Mapafu yanaharibika kidogo kidogo kwa siku nyingi, na mgonjwa anajua. Umoja wa Ulaya uliifunga tangu 2007. Nyingine, glifosati, haiui haraka vile, lakini mu 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliiandika kati ya vitu ambavyo pengine vinaleta kansa. Wataalamu wangali wanabishana. Kwa bustani ndogo ya mboga haifai hata bila mabishano hayo, kwa kuwa inaua kila jani la kijani inaloligusa, na upepo hauchagui. Mu shamba kubwa mkulima mwenye mafunzo, mwenye nguo na chupa yenye karatasi, hiyo ni habari nyingine. Mu parseli ya mita kumi kwa kumi na tano yenye watoto, kuku na kisima, jembe linatosha. Mukikuta mtoto amekunywa kitu kama hicho, musimtapishe. Mumukimbize ku hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Wengine wanamwaga chumvi, wengine mafuta machafu ya gari. Ni kweli majani yanakufa. Na udongo nao, kwa muda mrefu.

Kuna jambo moja la mji wetu peke yake. Shaba iliyeyushwa hapa mara ya kwanza mu 1911, na moshi wa ile chimene ulianguka miaka na miaka juu ya udongo, zaidi upande ambako upepo unaelekea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha mu 2009 kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wako na kobalti nyingi mu mkojo kupita wengine. Utafiti mwingine ulipima mboga za majani zinazouzwa mu masoko yetu na kukuta madini ya sumu kupita kipimo. Basi musichukue changarawe nyeusi ya kiwanda kwa kufunika njia za bustani, hata kama majani hayaoti juu yake. Jiulizeni kwanza kwa nini hayaoti.

Hapa nyasi za kufunika zinatusaidia mara ya pili. Mvua ikipiga udongo mtupu, tope linarukia majani ya mboga. Udongo uliofunikwa haurukirukii. Lengalenga ioshwe mu maji mara tatu, si mara moja. Kuosha kunaondoa vumbi na tope. Yale yaliyoingia kwa mizizi hayatoki, na kwa hayo mbolea iliyooza vizuri na chokaa vinapunguza kidogo.

Jumamosi inayokuja, kisha ibada ya asubuhi, kilasi cha ine tutagawanya lile tuta refu nyuma ya maabara mu sehemu tatu: moja tutaipanda mara moja, moja tutaidanganya kwanza kwa maji, moja tutaifunika. Kila kikundi kitahesabu majani mu mita moja ya mraba kila juma mpaka krismasi, na kuandika mu daftari. Jembe ziko saba tu, kwa hiyo anayeweza kuleta lake alete. Na gunia za kubebea nyasi, lakini musizikate bado. Tutaangalia kwanza pamoja kama ziko na mbegu.