Somo la wiki: Simu mpya ya mfanyabiashara, bei ya boksi na gharama ya msimu

DODOMA. Mavuno yanapoanza Kanda ya Kati, maduka ya simu hupata wateja wa aina mbili. Yupo mkulima aliyekwisha kuuza magunia yake na ana fedha taslimu mkononi. Yupo pia mnunuzi wa mazao anayejiandaa kuingia soko la Kibaigwa, ambaye simu kwake ni kitendea kazi kama mizani. Somo la wiki hii linamhusu huyu wa pili, na swali lenyewe ni moja: simu pamoja na kifurushi chake vitakula kiasi gani cha mtaji hadi msimu uishe?

Simu mpya kwa kawaida huhukumiwa siku ya kwanza kwa yale yanayoonekana: kioo, kamera, wepesi, chaji. Hayo si ya kupuuzwa. Kwa mtu anayezunguka vijiji vya Kongwa na Kiteto kutwa nzima, betri ndiyo ya kwanza, na kioo kisichosomeka juani ni hasara tupu. Hata hivyo, kasoro zinazomgharimu mfanyabiashara zaidi hazionekani siku hiyo.

Mfano upo hapa hapa nchini. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta sokoni Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye mtandao wa 4G na inayotumia mfumo wa KaiOS. Wazo lilikuwa zuri: mtu aliyezoea kitochi apate WhatsApp na Facebook kwa bei ndogo, bila kulazimika kununua simu ya kugusa kioo. Kwa kipimo cha siku ya kwanza ilistahili sifa. Kisha, kuanzia tarehe 25 Juni 2024, WhatsApp haikupatikana tena kwa kupakuliwa upya kwenye simu za KaiOS, na waliokuwa nayo tayari wakaelezwa kwamba ingedumu hadi mapema mwaka 2025. Uamuzi huo haukutoka kwa muuzaji wa simu, wala hakuna aliyedanganywa. Simu yenyewe haikuharibika. Ilipiga na kupokea, na menyu ya *150*00# ya M-Pesa haihitaji intaneti. Kilichoondoka ni picha ya sampuli ya mahindi, picha ya risiti ya mizani na kundi la wanunuzi wanaopeana bei asubuhi. Kwa mtu wa Kibaigwa, hiyo ndiyo sababu ya kununua simu janja tangu mwanzo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kamera ni ya aina gani, mnunuzi aulize simu inatumia mfumo gani na toleo lipi. Simu za Android zilizokaa dukani miaka mingi zina tatizo la aina hiyo hiyo, kwani programu kubwa huacha matoleo ya zamani kila baada ya muda. Boksi jipya si lazima liwe na simu mpya.

Sasa hesabu. Simu nyingi siku hizi hutolewa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na malipo yakichelewa simu hujifunga. Ichukuliwe simu ya mfano ambayo bei yake taslimu ni Sh 160,000. Kwa mkopo, malipo ya awali ni Sh 40,000, kisha Sh 1,000 kwa siku kwa siku 180. Jumla ni Sh 220,000. Maana yake mteja amekopeshwa Sh 120,000 na kuzirudisha kwa nyongeza ya Sh 60,000, yaani nusu ya deni ndani ya miezi sita.

Ni ghali, lakini si lazima iwe ujinga. Mwenye mtaji unaozunguka mara kadhaa msimu mmoja anaweza kuzipata hizo Sh 60,000 kwa kuziacha Sh 120,000 ndani ya mahindi au alizeti. Kinachoamua ni tarehe. Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, na fedha huingia baada ya mavuno. Anayechukua simu mwezi Juni hulipa deni wakati soko limechangamka. Anayechukua Desemba hulipa shilingi elfu moja kila siku katika miezi ya kiangazi cha mfuko, na simu inaweza kumfungia mwezi Mei, wiki ile anapotafutwa na madalali.

Kifurushi nacho kina hesabu yake. Simu mpya inapowashwa hupakua masasisho ya programu kwa siku kadhaa mfululizo, na kifurushi cha kwanza huisha kabla mwenyewe hajatuma picha hata moja. Wengi hudhani wameibiwa. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio na kuzuia masasisho yasitumie data ya laini, yasubiri Wi-Fi. Baada ya hapo wiki mbili za matumizi ya kawaida zinatosha kuonyesha kiasi kinachohitajika. Kununua cha mwezi kabla ya kujua kiasi hicho ni kubahatisha. Tena bei za vifurushi hazikai: Aprili 2021 mabadiliko yake yalizua malalamiko makubwa hadi yakasitishwa. (Mwenye hisa za Vodacom, zilizouzwa kwa umma mwaka 2017 kwa Sh 850 kila moja, anayatazama mambo haya kutoka upande wa pili wa meza. Lakini kipato cha kampuni si kinga ya mwekezaji. Bei ya hisa hizo ilikuja kushuka chini ya ile ya mauzo ya awali.)

Mwisho ni ukaguzi wa dukani, ambao hauchukui dakika tano. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia, na wenye nazo wakabaki na vipande vya plastiki. Mnunuzi apige *#06# apate namba ya IMEI, ailinganishe na ile ya kwenye boksi, aitume kwa ujumbe kwenda 15090, na asitoe fedha kabla jibu halijaonyesha aina ya simu iliyo mkononi. Kuhusu laini, mtandao upimwe kijijini anakonunulia mazao, kwa kuazima simu ya mwenyeji. Mjini Dodoma mitandao yote inasoma vizuri.