SOMO LA FAMILIA: Rundo la Vitabu na Mtoto Anayengoja

Kusoma: Kumbukumbu la Torati 6:4-9, 2 Timotheo 1:5 na 4:13



Chini ya kitanda changu kuna katoni yenye vitabu 12 vya malezi ya watoto. Vingine nilipewa kwenye semina, vingine viliachwa na wageni. Kila jioni moyo ulinilaumu: "Wewe ni mzazi gani, hata kimoja hujamaliza?" Siku moja nikaamua kusoma. Binti yangu akaja na neno lake. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, ninasoma." Akaondoka. Sura niliyokuwa nikisoma ilifundisha namna ya kumsikiliza mtoto.

Tupige hesabu. Kitabu cha kurasa 200, ukisoma kurasa mbili kila usiku kwa mwanga wa tochi, kitachukua siku 100. Vitabu 12 ni siku 1,200, yaani zaidi ya miaka mitatu. Mtoto wa miaka 10 atakuwa na 13. Hatatungoja.

Je, vitabu ni vibaya? Hapana. Paulo akiwa mfungwa alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, pamoja na vitabu. Lakini alitaja vile alivyovihitaji zaidi, vya ngozi. Nasi tujifunze kuchagua.

1. Anza na mtoto, si na kitabu. Jiulize: ni jambo gani moja linalomsumbua sasa? Anapiga wenzake? Amekataa shule? Anakojoa kitandani tangu tulipokimbia vita? Tafuta sura inayogusa jambo hilo, usome hiyo tu. Vingine virudi katoni.

2. Pima unachosoma. Neno latuagiza kujaribu mambo yote na kushika lililo jema (1 Wathesalonike 5:21). Kitabu kimoja kinasema mtoto akikosa apelekwe chumbani kwake. Sisi tunalala watu saba chini ya turubai moja! Usione aibu. Chukua kiini chake: mwenye hasira apewe nafasi atulie kwanza, ndipo uongee naye. Hata chini ya mti inawezekana. Tena, kitabu kisikufanye mkali. Mtoto anayekojoa kitandani kwa sababu ya hofu si mkaidi. Fimbo humwongezea hofu. Mtulize, na hali ikiendelea mpeleke kituo cha afya.

3. Tenda kabla ya kuendelea. Ulilosoma, lifanye kwa wiki mbili nyumbani ndipo ufungue sura nyingine. Ukurasa mmoja uliotendwa ni bora kuliko vitabu kumi vilivyomalizika.

4. Gawaneni mzigo. Katika kila kikundi cha maombi, kila familia ichukue kitabu kimoja. Baada ya mwezi, kila mmoja aeleze lile lililomsaidia. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Na bibi anayelea wajukuu asijidharau: imani ya Timotheo ilianza kwa bibi yake Loisi, kisha mama yake Eunike.

Wapendwa, agizo la Kumbukumbu la Torati 6 lilitolewa kwa watu waliokuwa bado safarini, ng'ambo ya Yordani katika nchi ya Moabu. Mungu hakuwaambia wangoje mpaka wapate maisha mazuri. Aliwataka wawafundishe watoto wakiwa wameketi, wakitembea, wakilala na wakiamka. Nasi tunaketi nao, tunakwenda nao bombani, tunapanga nao foleni siku ya mgawo. Hapo ndipo darasa letu lilipo.

Mimi nilimwita binti yangu, nikamwomba msamaha. Neno lake lilikuwa hili: "Tutarudi nyumbani lini?" Jibu lake halimo katika katoni yangu. Lakini tuliketi, tukaongea, tukaomba pamoja.

Maswali ya kujadili:
- Ni jambo gani moja mtoto wako anahitaji wiki hii?
- Ni lini mara ya mwisho ulimwambia "ngoja", kisha ukasahau?

Mungu azibariki familia zenu. Amina.