Somo lipo bure, darasa liko wapi?



Ndugu zangu katika imani, kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha nne, mazungumzo yetu misikitini na vibarazani huwa ni yale yale. Walimu wa hesabu na sayansi hawatoshi, maabara hakuna, ada ya tuisheni haishikiki. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake na sikusudii kuyabeza. Lakini kuna jambo limebadilika katika miaka ishirini na ushee iliyopita, ambalo nionavyo mimi Waislamu wa mijini hatujalipa uzito unaostahiki. Masomo ambayo zamani yalifungiwa ndani ya kuta za vyuo vikubwa sasa yamewekwa kwenye intaneti bila malipo. Swali la kujiuliza ni je, nani anayafaidi?

Tuanze na historia yake kwa ufupi. Mwezi Aprili 2001, chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza kuwa kitaweka masomo yake hadharani, asome anayetaka. Wakati huo vyuo vingine vilikuwa vikipiga hesabu za kuuza masomo kwa njia ya mtandao. Mwaka 2002 wakaanza na masomo 50 ya majaribio. Leo yamezidi 2,500. Humo mna muhtasari wa somo, maelezo ya mhadhiri, mazoezi, mitihani iliyopita, na kwa baadhi ya masomo mna video za mihadhara yenyewe. Profesa Gilbert Strang alistaafu mwaka 2023 baada ya kufundisha pale kwa zaidi ya miaka 60, lakini mihadhara yake ya hesabu bado ipo, na kijana wa Buguruni anaweza kuifungua kama alivyo kijana wa Boston.

Kwa ngazi ya sekondari, mfano unaojulikana zaidi ni wa Salman Khan. Simzungumzii yule mwigizaji wa filamu za Kihindi. Huyu ni mtoto wa wahamiaji kutoka Bangladesh na India, aliyezaliwa Marekani na kusoma MIT na Harvard. Mwaka 2004 alianza kumsaidia kwa mbali binamu yake, binti mdogo aliyekwama katika somo la kubadili vipimo. Ndugu wengine walipoomba msaada huo huo, mwaka 2006 akaanza kurekodi masomo mafupi na kuyaweka YouTube. Mwaka 2009 akaacha kazi yake katika kampuni ya uwekezaji ili ashughulikie jambo hilo moja. Hivyo ndivyo ilivyokua Khan Academy, yenye masomo na mazoezi ya hesabu, fizikia, kemia, baiolojia, uchumi na historia, yote bila ada.

Hapa kwetu nako kuna vya kutumia. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha swali kwa swali ni wapi wanafunzi walikosea na kwa nini. Sijui ni wazazi wangapi miongoni mwetu wamewahi kumuonyesha mtoto taarifa hizo. Kwa wadogo wa shule ya msingi kuna katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2014, zinazofundisha hesabu kwa Kiswahili.

Sasa, ikiwa yote haya yapo, mbona hali haibadiliki?

Nimekuwa nikiwasaidia hesabu vijana wa kidato cha tatu na cha nne nyakati za jioni, na jambo hili nimeliona mara nyingi. Kijana ana simu na bando analo. Anatazama video ya milinganyo, anatikisa kichwa, anaona kaelewa. Mpe karatasi na kalamu afanye mwenyewe, hawezi hata kuanza. Ukimchunguza unakuta tatizo si milinganyo. Tatizo ni sehemu, alizoziruka tangu darasa la tano, na hakuna aliyemrudisha huko. Video haiwezi kumuuliza wapi alipoachwa njiani. Isitoshe, video nyingi ni za Kiingereza, naye amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Na ikiisha hiyo ya hesabu, simu inamletea ya mpira, kisha ya muziki, na saa nzima imekwenda.

Kwa upande mwingine, yuko mtoto mwenye kompyuta nyumbani, intaneti isiyokatika na mzazi msomi anayekaa naye mezani. Huyo video ile ile inamsogeza mbele. Kwa hiyo ifahamike kuwa kitu cha bure kisichokuwa na usimamizi kinaweza kuongeza pengo badala ya kulipunguza. Aliyenacho anaongezewa, na asiyekuwa nacho anabaki na simu ya kuchekea.

Kinachokosekana basi ni darasa, yaani mahali pa kukaa, saa maalumu, na mtu wa kuuliza "umekwama wapi?" Na hapo ndipo ninapoutazama msikiti na madrasa. Majengo tunayo, na saa nyingi za siku yamefungwa. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, madrasa itenge chumba kimoja na saa mbili, mathalani baada ya Isha kwa wavulana na Jumamosi asubuhi kwa mabinti. Kompyuta moja na projekta vinatosha kuanzia.

Pili, tusikwamishwe na gharama ya bando. Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Masomo hupakuliwa mara moja na kuhifadhiwa katika kompyuta moja, kisha vijana wanayafungua humo au kwa vifaa vilivyounganishwa nayo pale pale chumbani. Na kwa sababu hawako mtandaoni, hakuna mpira wala muziki wa kuwachukua.

Tatu, awepo msimamizi. Si lazima awe mwalimu wa kuajiriwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeswali msikiti huo anaweza. Kazi yake ni kusimamisha video kila baada ya dakika chache, kueleza kwa Kiswahili, kisha kuwafanyisha mazoezi kwa kalamu. Aanze kwa kuwapima, na asiyejua sehemu arudishwe kwenye sehemu bila kuchekwa.

Nne, tufuate muhtasari wa masomo wa nchi yetu. Video ziwe za kufafanua mada, na kipimo kiwe mitihani iliyopita ya Baraza.

Wako watakaosema, je, tuwape vijana wetu elimu ya Marekani ndani ya madrasa? Ikumbukwe kuwa mateka wa Badr waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina. Mtume (saw) hakuiona elimu hiyo kuwa najisi kwa sababu ya aliyeibeba. Na hiyo aljebra tunayoiogopa, jina lake limetokana na kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9.

Hata hivyo tahadhari ni muhimu. Hesabu unaweza kuihakiki mwenyewe kwa kuirudia, ama dini haipokelewi namna hiyo. Wanazuoni wetu walisoma kwa masheikh na kupewa ijaza. Kijana asichukue fat'wa kwa mtu asiyemjua nasaba ya elimu yake kwa sababu tu ana video nzuri. Vilevile tusiwadanganye vijana: kusoma masomo ya MIT mtandaoni hakukupi shahada ya MIT. Kunakupa ujuzi, na ujuzi huo bado utapimwa katika chumba cha mtihani.

Mwisho nizungumze na wenye uwezo. Tumezoea kutoa zulia, feni na tangi la maji, na Allah (sw) awalipe waliotoa. Lakini kompyuta iliyowekwa wakfu, ikamfundisha binti mmoja hadi akawa daktari, nayo ni sadaka inayoendelea kumfikia mtoaji akiwa kaburini. Wahyi wa mwanzo kabisa ulianza kwa amri ya kusoma. Kamati za misikiti zikutane, zihesabu vyumba vilivyofungwa, zifungue kimoja. Tusisubiri matokeo mengine ndipo tuanze tena kulalamika.

Wabillahi tawfiq.