Makumbusho Pepe: Jina, Kitu na Lugha ya Utafutaji

Makala haya yanachunguza istilahi "makumbusho pepe". Hoja yetu ni kwamba ugumu wa makumbusho ya mtandaoni ni wa kiisimu kabla ya kuwa wa mitambo.

Nomino "makumbusho" imenyambuliwa kutokana na kitenzi "kumbusha", ambacho ni utendeshi wa "kumbuka". Kwa hiyo inadokeza anayekumbusha na anayekumbushwa. Mwaka 1967 kilianzishwa Kijiji cha Makumbusho kando ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam. Leo Makumbusho ni kata na kituo cha mabasi pia, hata abiria wa Kibamba asikiapo kondakta akilitaja jina hilo huwaza nauli, si nyumba za jadi. "Pepe" nalo, lililozoeleka katika "barua pepe", kwa mkulima wa mpunga ni punje isiyo na kiini.

Je, kiini kimo? Tuchukue visukuku vya Tendaguru, Lindi, vilivyochimbwa na Wajerumani, au tuseme na vibarua wa Kiafrika waliosimamiwa na Wajerumani, kati ya 1909 na 1913. Kiunzi kikubwa kuliko vyote, chenye kimo cha zaidi ya meta 13, kimesimama Berlin. Mwaka 2016 mnyama huyo aliingizwa katika uhalisia pepe, hivyo mwanafunzi wa Kibamba anaweza kumtazama kwa simu pasipo viza. Lakini atamtafuta kwa neno gani? Jina la kisayansi, *Giraffatitan brancai*, linamuenzi Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho hayo. Boheti bin Amrani, mnyapara wa wachimbaji, alienziwa mwaka 2007 katika jina *Australodocus bohetii*. Wamwera na Mohammadi Keranje walisubiri hadi 2019, katika *Wamweracaudia keranjei*. Hata hapo wamevishwa viambishi vya Kilatini.

Utafutaji katika katalogi hutegemea maelezo yaliyoambatishwa kwenye kitu. Maelezo yakiwa ya Kijerumani au Kiingereza pekee, mzungumzaji wa Kiswahili hakioni kilicho chake. Hasara haiishii hapo. Mvuvi wa pwani hutofautisha dema na uzio. Katalogi inayoviita vyote "mtego wa samaki" imefuta elimu iliyomo katika majina. Tafsiri ya baadaye haiwezi kuirudisha, kwa kuwa itatafsiri neno la jumla.

Kwa maoni yetu, wanafunzi wa uzamili wa isimu wapewe picha hizo wazipeleke kwa wavuvi, wafinyanzi na wahunzi, wakusanye majina pamoja na lahaja yake, ndipo BAKITA lifikirie usanifishaji. Kazi hiyo ianze na dema.