Kuku, Alizeti na Nyota: Mapambo ya Sikukuu kwa Vipande vya Kitenge

Fundi cherehani yeyote wa Singida mjini, Kiomboi au Manyoni ana kiroba chini ya meza yake. Humo huishia vipande vya vitenge, satini na sare za shule. Vikubwa kidogo hutumika kutilia viraka, vingine hupangusia mafuta ya cherehani au huwashia jiko la mkaa. Ukiomba vizuri, mafundi wengi watakupa bure au kwa fedha kidogo tu, kwani kwao ni uchafu wa kufagia jioni. Ukiwa na vipande hivyo, sindano, uzi, mkasi na kipande cha boksi, unaweza kuipamba nyumba yako sikukuu ijayo bila kununua mapambo ya plastiki.

Jambo la kwanza ni kupanga muda. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo Krismasi huwakuta watu wengi wamekamatwa na shamba. Mafundi nao Desemba hawashikiki: wakimaliza nguo za sikukuu wanaingia sare za Januari. Kusanya vipande na kushona Septemba na Oktoba, wakati wa kiangazi, mikono ikiwa na nafasi. Wanaojiandaa kwa Idi watazame mwandamo, kwa kuwa Idi hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka.

Kipande cha kitenge cha pamba ndicho rahisi zaidi kwa anayeanza. Hakitelezi mkononi, kinakubali pasi, na kikiwa bado na wanga wa dukani hukatika vizuri, kwa hiyo usikifue kabla ya kukata. Satini inang'aa na inavutia, lakini huchanika nyuzi haraka. Iache hadi mkono uzoee. Ukishindwa kutambua kitambaa, chomoa uzi mmoja, uushike kwa koleo juu ya sahani na kuuchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Wa poliesta huyeyuka na kuganda kitone kigumu. Ili kujua kama rangi inachuja, sugua kipande kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kinachochuja usikichanganye na cheupe.

Anza na ua la marinda, ambalo hata mtoto wa darasa la nne analiweza. Chora duara kwa kufuata ukingo wa kikombe au bakuli na ulikate. Kunja pindo jembamba kuelekea upande wa nyuma huku ukipiga bandi kuzunguka ukingo wote, kwa uzi wa mara mbili uliofungwa fundo gumu. Ukifika ulikoanzia, vuta uzi polepole. Kitambaa kitajikusanya marinda hadi katikati pabaki tundu dogo. Hapo funga fundo na ulibonyeze ua liwe bapa. Litakuwa na upana wa karibu nusu ya duara la mwanzo, kwa hiyo duara la sentimita 12 hutoa ua lisilofika sentimita 6. Likiwa la njano, weka kitufe cheusi au cha kahawia katikati, nawe umepata alizeti, zao linaloutambulisha mkoa huu.

Pambo la pili ni kuku. Sioni kwa nini mti wa Krismasi wa Singida ujazwe pamba nyeupe ya kuigiza theluji wakati kuku wa kienyeji wa huku wanajulikana hadi Dar es Salaam. Chora kuku wa ubavu kwenye boksi, mnene, mwenye mkia mfupi. Miguu na mdomo mwembamba viache, vitakutesa wakati wa kupindua. Weka vipande viwili, uzuri ukitazama uzuri, uchore kwa chaki, kisha ukate ukiacha nusu sentimita nje ya mstari. Kabla ya kushona, ingiza kati yao kitanzi cha uzi mnene, ncha zake zikitokeza nje mgongoni, na kishungi chekundu kichwani kikilala kuelekea ndani. Shona kwa mishono midogo ukifuata mstari, uache mwanya wa vidole viwili tumboni.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Usipindue bado. Kata mikato midogo kwenye mapindo yote ya mviringo, mkasi usiguse uzi, na ncha ya mkia uipunguze kitambaa cha ziada. Bila hivyo kuku atatoka na mikunjo. Pindua, sukuma pembe kwa kijiti cha mshikaki kilichokatwa ncha, kisha jaza. Huna haja ya kununua pamba: vipande vidogo mno vya kushonea, ukivikatakata, vinajaza vizuri, na sufi pia hufaa ukiipata. Anza kujaza mkiani. Ziba mwanya kwa kupitisha sindano upande huu na ule ndani ya mkunjo ili uzi usionekane. Nyota hushonwa vivyo hivyo, ila pembe zake ndizo za kupunguzwa kwa uangalifu.

Kama unapamba baraza, shona vibendera vya pembe tatu kwenye utepe mrefu, vinavyofaa Krismasi, Idi na Maulidi sawasawa. Upepo wa Singida hauna mzaha, basi tumia kamba imara na uvishone kabisa, usivibane kwa pini. Tawi kavu la mgunga lililosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga linatosha kuwa mti. Miiba yake inashika vitanzi yenyewe, ila liweke mbali na watoto.

Mapambo haya yanashika moto. Yasikaribie mshumaa, kibatari wala jiko. Penye mtoto wa chini ya miaka 3 usitumie vitufe wala shanga. Macho ya kuku yadarizi kwa uzi.

Wanaotaka kuuza waanze na vichache, sokoni au kanisani, waone mwitikio. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Taratibu ziulizwe kwa afisa maendeleo ya jamii. Kwa maoni yangu, usikope kwa ajili ya mapambo peke yake, maana soko lake ni la wiki chache. Yafanye nyongeza ya ushonaji wa mwaka mzima. Na fundi aliyekupa kiroba, mpelekee kuku mmoja amtundike dukani: wateja wake watauliza ametoka wapi.