TUPIGE HESABU KWANZA: MASHINE YETU AO KOPI ZA MJINI?



Siku hizi katika uwanja wa shule habari ni moja tu: shule inunue mashine yake ya kuchapa, ile ya kidijitali, tusipeleke tena makaratasi mjini. Kila mwanafunzi ataongeza dola 7 na nusu juu ya minervali. Wengi wanapiga makofi. Mimi vilevile nilipiga. Kisha nikakamata kalamu, sababu katika Luka 14:28 tunafundishwa kwamba mwenye kutaka kujenga mnara anakaa chini kwanza na kuhesabu.

1. Mashine inafanya kazi namna gani?
Mnajua roneo ya zamani: stensile inatobolewa, wino inapita katika matundu. Ile ya kidijitali ni mjukuu wake. Inasoma karatasi yenyewe, inatoboa stensile kwa joto, inaizungushia ngoma ya wino. Kila ukurasa unadai stensile yake, hata ukitoa kopi 10 ao 1000. Ndiyo maana kopi kidogo ni za bei kali, na kopi nyingi ni rahisi.

2. Gharama ziko mbili
Kuna gharama ya kila mwaka, hata mashine ikilala. Tuseme (ni mfano tu) bei ni dola 3000, na itadumu miaka 5. Ni dola 600 kwa mwaka. Tuongeze 200 za fundi na vipande. Jumla 800.
Kuna tena gharama ya kila kopi: karatasi santimu 1, wino na stensile santimu 1, mafuta ya jenereta nusu santimu. Jumla santimu 2 na nusu.
Mjini tuseme tunalipa santimu 5. Basi kila kopi ya nyumbani inatuokolea santimu 2 na nusu. Kwa kurudisha zile dola 800, inafaa tutoe kopi 32.000 kila mwaka.

3. Sisi tunatoa ngapi?
Mitihani: wanafunzi 400, masomo 12, kurasa 2, mara 2 kwa mwaka = 19.200. Gazeti letu: kopi 200, kurasa 6, mara 4 = 4.800. Jumla 24.000. Mjini ni dola 1200. Kwa mashine yetu ni 800 na 600, ni kusema 1400. Tunapoteza dola 200! Na ikikufa kisha miaka 3, hasara inazidi.

4. Lakini pesa hapana yote
Maulizo ya mtihani yakipita mjini, macho mengi yanayaona. Kwa mashine yetu siri inalindwa. Hiyo ni faida ya kweli, nami siikatai.
Upande mwingine, katika kalasi yangu kuna rafiki aliyekaa nyumbani majuma mawili juu ya minervali. Kwake dola 7 na nusu si kitu kidogo. Nilipomwonyesha hesabu hii alicheka, akasema: « Kapita, mashine itachapa mtihani, na mimi sitakuwa pale kuuandika. »

5. Shauri langu
Tusikatae, na tusikimbie. Mwaka huu tuandike katika daftari kila kopi tunayotoa. Tuulize shule jirani kama wanaweza kununua pamoja nasi: kopi 8.000 zao zitajaza pengo letu. Tuulize tena muuzaji: wino na stensile vinapatikana hapa? Fundi anakaa wapi? Mashine isiyo na fundi ni kabati.

Zoezi: Kama bei ya mjini inashuka mpaka santimu 4, tutahitaji kopi ngapi kwa mwaka? Mleteni jibu kwangu mbele ya Posho.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho