Namna ya Kuwatambua Vinyonga na Vyura wa Usambara Mashariki

Aliyezoea kumjua mnyama kwa rangi yake, akiingia katika msitu wa Amani, wilayani Muheza, aghalabu hutoka na orodha ya aina nyingi kuliko alizoziona, kwa kuwa kinyonga hubadili rangi kwa hofu, kwa hasira na kwa joto, na vyura wa aina moja huweza kuwa wengine kijani na wengine hudhurungi. Kwa hiyo mimi hutazama kwanza umbile, kisha mahali, na rangi huiweka mwisho.

Vinyonga huwatafuta usiku, maana walalapo juu ya ncha za vijiti miili yao hupauka, na mwanga wa kurunzi ukiwaangukia huonekana weupe dhahiri baina ya majani. Nikishamwona mmoja, bila ya kumgusa, huanzia puani: akiwa na pembe 3, na mgongo umeinuka mfano wa tanga, huyo ni dume la Trioceros deremensis, ambaye jike lake halina pembe lakini mgongo ni ule ule. Pembe zikiwa 2, tena bapa, ni dume la Kinyongia; hapo pana haja ya subira, kwani milima hii ya Usambara Mashariki ina Kinyongia matschiei, aliye mkubwa, na Kinyongia vosseleri, aliye mdogo wake. Ama yule mfupi wa mkia, aliyefanana na jani kavu, mwenye vijidevu chini ya mdomo, ni Rieppeleon brevicaudatus, na makao yake ni karibu na ardhi.

Kwa vyura wa mitini, itazame mboni: ya Leptopelis husimama wima, na ya Hyperolius hulala. Na chini ya gogo lililooza, umdhaniaye nyungunyungu mchunguze kinywa. Akiwa na taya na meno, basi si nyungunyungu; huenda ni Boulengerula, amfibia asiye na miguu.

Piga picha ya ubavu, ya uso na ya mgongo, andika saa, mahali na kimo kutoka ardhini, na usafishe viatu kabla ya kuvuka kwenda kijito kingine, kwani kuvu iuayo vyura huchukuliwa na tope. Dalili zisipotosha, andika jina la jenasi peke yake. Pengo katika daftari laweza kujazwa baadaye, ilhali jina la uongo hupotosha kila alisomaye.